Hermann, Missouri: jinsi ya kwenda wakati wa sherehe bila kuumizwa na foleni

Hermann ni mji wa watu wapatao 2,200 katika jimbo la Missouri, Marekani, ukingo wa kusini wa mto Missouri, kilomita 130 hivi magharibi ya St. Louis. Uliasisiwa mwaka 1837 na chama cha walowezi wa Kijerumani kutoka Philadelphia, na hadi leo mitaa yake inaitwa Schiller, Goethe, Mozart na Gutenberg. Machi kuna sherehe ya soseji, Mei kuna Maifest, na wikiendi za Oktoba ni Oktoberfest. Hapo ndipo mji hufurika. Anayeingia Jumamosi mchana huona migongo ya watu, fika Ijumaa.

Malazi kwanza, usafiri baadaye. Nyumba nyingi za wageni ni ndogo, vyumba vichache tu, na wikiendi za Oktoba nyingi hazikubali mgeni wa usiku mmoja. Weka nafasi miezi kadhaa kabla. Ukikosa, afadhali ubadilishe tarehe kuliko kulala mbali na kuendesha gari usiku baada ya mvinyo.

Njia nzuri zaidi ni treni ya Missouri River Runner ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani, inayopita kati ya St. Louis na Kansas City. Kutoka St. Louis ni chini ya saa mbili. Kaa upande wa kulia, maana reli inafuata ukingo wa kusini na mto unabaki dirishani kwako. Hermann hakuna dirisha la tiketi, kwa hiyo kata ya kwenda na kurudi mapema. Treni husimama kwa muda mfupi mno: mizigo iwe mkononi na wewe uwe mlangoni kabla haijasimama. Ukishuka, uko mjini tayari.

Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajajaa, nenda Deutschheim, makumbusho ya jimbo yenye nyumba za walowezi wa karne ya 19. Ulizia mapema saa za ziara, kwa sababu ukichelewa kundi limeshaingia. Kisha panda Stone Hill, kiwanda cha mvinyo cha tangu 1847. Mlima ni mkali, viatu vya kisigino achana navyo. Mahandaki yake ya matao ni baridi hata nje kukiwa na joto, kwa hiyo beba sweta. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani mwaka 1920, humo humo walilima uyoga. Mvinyo ulirudi 1965.

Kuonja kuna utaratibu. Anza na mvinyo mweupe usio na utamu, fuata mwekundu, mtamu uwe wa mwisho. Ukianza na mtamu, yote inayofuata itaonekana chachu. Usiondoke bila kujaribu Norton, zabibu rasmi ya Missouri, nyeusi na nzito. Kula kwanza, kunywa maji kati ya glasi na glasi. Umri wa chini wa kunywa ni miaka 21, na mgeni abebe pasipoti yenyewe, kwani picha ya kwenye simu inaweza kukataliwa.

Wasiopenda makelele wavuke daraja kwa baiskeli: lina njia iliyotengwa na magari. Kilomita kama tatu kaskazini, huko McKittrick, utaipata Katy Trail, reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli. Ni tambarare, imetandazwa changarawe laini, hivyo tairi nyembamba sana zitakusumbua. Mto ukijaa, upande huo wa bondeni ndio huathirika, basi angalia matangazo kabla ya kwenda. Baiskeli ikipanda treni, nayo inahitaji nafasi yake.

Kurudi, usipange ndege ya kuondoka St. Louis jioni hiyo hiyo. Reli hiyo ni ya Union Pacific, kampuni ya treni za mizigo, na treni ya abiria ikikwama nyuma ya treni ya mizigo, inachelewa. Na treni za siku ni chache: ukiikosa ya jioni, unalala.