Soma Raba kwa Mikono Kabla ya Kuivaa

Karibu kila ninayemsaidia kuchagua raba za kukimbilia huanza na namba: "Mimi navaa 42." Namba inakueleza urefu tu, tena kwa makadirio. Kinachoamua kama kiatu kitakukaa ni kalibu, yaani lile umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake. Kila kampuni ina kalibu zake, ndiyo maana 42 hii inakubana na ile inakupwaya.

Hatua ya 1: Pima miguu jioni. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi ukikimbia. Simama juu ya karatasi, uzito wote ukiwa mguuni, mtu mwingine akuchoree ukingo akiwa ameshika kalamu wima. Pima yote miwili. Mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Nunua kwa kufuata huo.

Hatua ya 2: Chomoa soli ya ndani. Kama ningeruhusiwa kufanya kipimo kimoja tu, ningefanya hiki. Ile soli laini ya juu kwa kawaida hutoka (ikiwa imegundishwa, usiing'oe, kiatu bado si chako!). Iweke chini uikanyage. Umbo lake linakaribia sana sakafu ya kiatu. Nyama ya mguu ikimwagikia nje ya kingo, hasa pale unyayo unapotanuka nyuma ya vidole, kiatu ni chembamba, na kuongeza namba hakutakusaidia sana: utapata urefu usiouhitaji na kisigino kitaanza kucheza. Tafuta toleo pana, au kalibu nyingine. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya kama upana wa kidole gumba cha mkono. Nimesema kirefu kuliko vyote kwa sababu kwa baadhi ya watu kidole cha pili ndicho kinachotangulia. Mimi ni mmoja wao, na nilipoteza kucha mbili kabla sijalielewa hilo.

Hatua ya 3: Kunja kiatu. Shika ncha na kisigino, sukuma. Kikunjike pale vidole vyako vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama kitabu, kirudishe. Raba za mashindano zenye bamba gumu la kaboni ndani ya soli hazikunjiki kirahisi, na hilo si kasoro, zimeundwa hivyo.

Hatua ya 4: Angalia soli ya kati. Hili ndilo povu linalopokea kishindo. Watu huchanganya mambo mawili hapa: unene wa povu, na tofauti ya kimo kati ya kisigino na mbele. Kiatu kinaweza kuwa kinene sana na tofauti hiyo ikawa sifuri. Kwa kawaida huwa kati ya milimita 0 na 12. Ikiwa ndogo, kazi zaidi huenda kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Basi ukitoka 10 kwenda 4, changanya viatu vya zamani na vipya kwa wiki kadhaa.

Soli ya nje haina mengi: meno marefu kwa njia za udongo, mpira tambarare kwa lami.

Hatua ya 5: Vaa, kisha kimbia. Vaa soksi zako za kukimbilia, funga kamba, toka mbio fupi. Kutembea hakutoshi. Muuzaji akikwambia "kitalegea ukikizoea", kivue umrudishie kiatu chake. Kisigino kikipanda kidogo tu lakini kwingine kote kumekaa sawa, usikate tamaa bado: tumia lile tundu la mwisho la kamba ambalo wengi huliacha wazi. Pitisha kamba humo upande uleule ili itengeneze kitanzi, vusha ncha ya kila kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, funga. Kimbia tena. Kikiendelea kupanda, jaribu kiatu kingine.