Somo: Bonde la mifupa mikavu (Ezekieli 37) kwa mkaa, mita 3 kwa 1.5

Wapendwa, mmeomba sana somo la picha kubwa ya kutundika kanisani. Kiangazi ndicho wakati wake, karatasi hailegei kwa unyevu. Tafuta manila 12 za A1, tepu ya karatasi, uzi, rula ndefu, kifutio laini na kitambaa cha pamba kilichochakaa.

1. Soma mstari wa 1 hadi wa 10 ukiwa na penseli mkononi. Andiko lenyewe limeshapanga picha: mifupa imetapakaa, inasogeleana, inapata mishipa, nyama, ngozi, kisha pumzi, mwisho jeshi. Panga hivyohivyo kutoka kushoto kwenda kulia. Wengi hukimbilia jeshi. Mimi nasema katikati ya karatasi pawe pa mstari wa 8: miili imekamilika, ngozi imefunika, pumzi hamna. Mtu anayeonekana mzima lakini hajawa hai ni mgumu kuchora kuliko mifupa elfu, basi mpe nafasi na muda.

2. Chora kwanza mchoro mdogo wa sm 30 kwa 15, uugawe miraba ya sm 3, utapata 50. Unganisha manila kwa nyuma, kata ziada, piga miraba ya sm 30 kwa uzi, halafu hamisha mmoja mmoja.

3. Mkaa wa gunia unakwaruza karatasi, tengeneza wako. Menya vijiti vikavu vyenye unene wa penseli, vibane ndani ya kopo la maziwa, funika, toboa tundu la msumari kwenye kifuniko, weka jikoni. Moshi ukikoma, epua. Usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, hewa ikiwahi kuingia utakuta majivu.

4. Omba buchani mfupa wa paja la ng'ombe, uchemshe, uanike. Uangalie asubuhi jua likiwa la ubavuni: kichwa chake ni laini na kinang'aa, shina lina nyufa nyembamba zinazofuata urefu, palipovunjika pana vitundu vidogovidogo. Hizo nyufa ndizo zitakazosema "mikavu sana". Vipimo vya binadamu ni vingine: mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu, na mfupa wa paja ni karibu robo ya kimo. Umbo la sm 120 litakuwa na kichwa cha sm 16 na paja la sm 30, yaani mraba mzima.

5. Pepo nne za mstari wa 9 usizichore kwa mistari. Buruta kitambaa juu ya mkaa kutoka pembe zote nne kuelekea ile miili ya katikati.

MASWALI

Mjumbe, Kongwa: Shikamoo mwalimu. Watu wakigusa si itafutika?
Jibu: Marahaba. Itafutika, ndiyo maana tunapuliza dawa ya nywele ya saluni, kwa mbali, mara mbili nyepesi, ukiwa nje. Hata maziwa yaliyoondolewa mafuta na kuongezwa maji yanashika. Vincent van Gogh aliyatumia. Jaribu kwenye kipande kwanza.

Mjumbe, Nkuhungu: Naruhusiwa kuweka mbuyu?
Jibu: Ezekieli alikuwa na mateka Babeli, mbuyu unatokea wapi? Ardhi iliyopasuka ichukue hapahapa kwetu, tunayo ya kutosha.

Mjumbe, Kondoa: Kwa nini tusichore ukutani moja kwa moja, kama ile michoro ya Kolo?
Jibu: Ile ni rangi juu ya mwamba, na imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Mkaa juu ya chokaa unapukutika. Tena karatasi, baraza la wazee wakibadili mawazo, unaikunja unaondoka nayo.

Mjumbe, Ipagala: Bwana asifiwe. Watoto wa Sunday school wataogopa mafuvu.
Jibu: Amina. Mafuvu matatu manne yanatosha, yalaze ubavu, mengine yafukie nusu mchangani. Na meno punguza, hayo ndiyo yanayowatisha.