Namna ya Kuwatafuta Wapiga Dramu wa Mwanzo wa Freddie Mercury

Wageni wengi hufika Shangani, Mji Mkongwe, kwa ajili ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, lakini ni wachache wanaouliza nani waliompigia dramu kabla ya Queen. Anayetaka kuwafuatilia aanze na jina: katika kumbukumbu za miaka ya 1960 atafute Bulsara, jina lake la ukoo la kuzaliwa, kwani akiandika Mercury ataambulia patupu.

Kisha kila bendi ipangwe kwa mwaka wake. Katika The Hectics, bendi ya wanafunzi wa shule ya bweni huko Panchgani, India, mpiga dramu alikuwa Victory Rana. Mwaka 1969, nchini Uingereza, Freddie alijiunga na Ibex, na hapa ndipo ni rahisi mno kupotea, kwa sababu mwaka huohuo bendi ilibadili jina ikawa Wreckage, mpiga dramu wake Mick Smith akaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Richard Thompson, ambaye awali alikuwa akipiga pamoja na Brian May, baadaye mpiga gitaa wa Queen, katika bendi iliyoitwa 1984. Kwa hiyo picha isiyo na tarehe isipokewe kuwa ushahidi mpaka ilinganishwe na tangazo la onyesho. Sour Milk Sea ya mwaka 1970 ilikuwa na Rob Tyrell.

Masimulizi ya waliokuwapo ni hazina, nami nayathamini sana, ila kila mmoja aulizwe peke yake, kabla hajasikia ya mwenzake. Na ukimfikia Roger Taylor, mpiga dramu wa Queen, irudie Smile, bendi aliyopigia pamoja na May kuanzia 1968.