SOMO: Magamba meupe kwenye birika la umeme hapa Dodoma, na namna ya kuyatoa bila kuharibu kitu

Habari zenu ndugu zangu. Naandika hapa mara moja ili kila atakayeniuliza nimwelekeze huku. Wiki hii peke yake wapangaji wangu wawili na jirani mmoja wameniletea birika mlangoni, wakaliinamisha nilione ndani, na swali ni lilelile: "Mama, hivi vitu vyeupe ni nini, na haya maji tunayanywaje?" Kuna kijana alitupa mabirika mawili ndani ya mwaka mmoja akidhani yameoza, na yote yalikuwa mazima. Mtu ndio kwanza ameanza kazi, mshahara wenyewe mdogo, anatupa chombo cha kufaa miaka mitano. Inaniuma.

Kwanza mjue ni nini. Si uchafu, si kutu, si dawa ya maji. Maji mengi ya mji huu yanatoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Maji ya chini yanakaa na mawe muda mrefu, yanayeyusha kalsiamu na magnesiamu na kutembea nayo. Ukiyatia moto, hewa ya kaboni iliyokuwa inaishikilia kalsiamu inatoka, na kalsiamu inabaki kama chokaa, ndugu yake chaki ya darasani. Inaganda hasa pale penye moto mkali, yaani kwenye hita na kwenye sakafu ya birika. Sisi tunayaita maji ya chumvi, lakini chumvi ya mboga siyo inayoganda pale. Mtu aliyekulia Mwanza kwenye maji ya ziwa hajazoea kuyaona, ndiyo maana anashtuka.

Chokaa hiyo ukiinywa haikudhuru. Anayeumia ni birika. Gamba likiwa nene, moto haufiki kwenye maji vizuri, unasubiri muda mrefu, uniti za LUKU zinaondoka, na mwisho hita inaungua kwa joto lake lenyewe.

Utahitaji: siki nyeupe ya dukani (ile ya asilimia 5), au ndimu tano sita zilizokamuliwa na kuchujwa. Mswaki wa zamani. Basi.

1. Chomoa birika kwenye umeme.

2. Mwaga maji, ligonge taratibu kwa kiganja, vipande vilivyolegea vitoke.

3. Tia maji hadi nusu ya birika, si zaidi. Chemsha. Chomoa tena, lisogeze mbali na kitako chake cha umeme, weka juu ya sinki au ndani ya karai. Acha dakika kumi yapoe kidogo.

4. Sasa tia siki, kikombe kimoja cha chai, kidogo kidogo, mfuniko ukiwa wazi.

Hapa nisimame, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa kwanza nilipohamia Nkuhungu niliambiwa tu "weka siki uchemshe". Nikajaza siki tupu hadi kwenye mstari wa juu, nikafunika, nikawasha. Siki ikikutana na chokaa inatoa hewa, na ikiwa ya moto inatoa hewa kwa kasi kubwa. Povu likapanda, likasukuma mfuniko, likatoka mdomoni na kushuka hadi kwenye kitako cha umeme. Swichi kuu ikajizima, nyumba nzima giza. Nikakimbilia kulinyanyua birika gizani, siki ya moto ikanimwagikia mkono wa kulia kuanzia kidole gumba hadi kifundo. Wiki mbili sikuweza kusonga ugali. Mwanangu mdogo alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka pale, na hilo ndilo linalonifanya niandike kwa urefu huu.

Kwa hiyo: SIKI HAICHEMSHWI. Maji yanachemshwa kwanza, umeme unatoka, ndipo siki inaingia. Usijaze zaidi ya nusu. Usifunike. Usiinamishe uso juu ya birika kuangalia. Watoto wawe nje. Ukiona povu linapanda haraka, acha kumimina, subiri litulie, endelea. Na ukitumia ndimu ni hivyohivyo, ndimu ina asidi kama siki.

5. Acha saa moja. Kama gamba ni la miezi mingi, mwaga, rudia na siki mpya. Siki iliyokwisha kula chokaa imechoka, kuiacha usiku kucha hakuiongezei nguvu.

6. Sugua kwa mswaki. Msitumie kisu wala stiliwaya. Ukikwaruza bati, gamba jipya linapata pa kushikia na litarudi mapema zaidi.

7. Suuza mara tatu, kisha chemsha maji matupu mara moja uyamwage. Ukiruka hatua hii chai ya maziwa ya asubuhi itakatika.

Rudia kila baada ya wiki tatu au mwezi, gamba likiwa jembamba. Likiwa jembamba linatoka kwa nusu kikombe cha siki.

Shawa iliyoziba: kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia siki, chovya kichwa cha shawa humo, funga kwa mpira wa tairi kwenye bomba lake, acha saa moja. Koki iliyoota ukungu mweupe, izungushie kitambaa kilicholowa siki nusu saa kisha suuza. Ila siki isidondoke kwenye sakafu ya terazo, inakula zile kokoto nyeupe na mng'ao haurudi.

MASWALI

Baba Wawili: Asante. Sasa siki naichemsha dakika ngapi?

Mama wa Nkuhungu: Hatua ya 4. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Baba Wawili: Samahani mama, nilipitia haraka.

Mama wa Nkuhungu: Rudi usome taratibu baba, ni mkono wako.

Mgeni wa Ilazo: Mimi sikuwa na subira. Choo changu kina michirizi ya hiyo chokaa, nimemwaga siki na juu yake jiki ili kiwe cheupe kabisa. Kuna harufu inachoma pua, ndiyo kazi inafanyika?

Mama wa Nkuhungu: TOKA HUMO SASA HIVI. Usirudi kusuuza wala kuflashi. Acha mlango na madirisha ya nyumba wazi, kaa nje. Siki na jiki vikikutana vinatoa hewa ya klorini, ni sumu ya mapafu. Niambie ukishatoka.

Mgeni wa Ilazo: Nimetoka. Nakohoa kidogo na macho yanawasha.

Mama wa Nkuhungu: Kaa penye upepo, osha macho na uso kwa maji mengi. Kikohozi kisipotulia, au kifua kikibana, nenda hospitali leo na uwaambie ulivyochanganya. Usiingie chooni mpaka harufu iishe yenyewe. Wengine wote: siki, ndimu au dawa yoyote ya choo yenye asidi haikutani na jiki. Hata siku moja. Ukishatumia kimoja, suuza kwa maji mengi, kingine subiri siku nyingine.

Mgeni wa Ilazo: Nimetulia sasa. Kikohozi kimekwisha. Mungu akubariki mama.

Mama wa Nkuhungu: Ahsante Mungu. Usiku ukiona kifua kinabadilika usisubiri asubuhi.

Fundi Kizota: Mbona unawazungusha watu? Mimi natia siki na soda ya kuoka pamoja, povu linajaa lote, linasafisha palepale. Miaka yote nafanya hivyo.

Mama wa Nkuhungu: Povu hilo ni la siki na soda kumalizana. Soda inaua asidi, na asidi ndiyo inayokula chokaa. Unabaki na maji yenye chumvichumvi na kazi yote anafanya mswaki wako. Kama huniamini, chukua vipande viwili vya gamba, kimoja tia kwenye siki peke yake, kingine kwenye siki na soda. Angalia baada ya saa moja.

Fundi Kizota: Nitajaribu.

Fundi Kizota: Nimejaribu. Cha siki peke yake kimeisha, kingine kipo vilevile.

Mama wa Nkuhungu: Nashukuru umerudi kusema, fundi. Soda yako usiitupe, inafaa sana kusugulia sinki lenye mafuta.

Binti wa Chuo: Shikamoo mama. Nina swali la pembeni. Nyumbani kwetu Bukoba sabuni ya mche inatoa povu mara moja. Hapa nasugua mpaka mche unaisha, nabaki na utando mweupe kwenye karai, na shuka zinakuwa ngumu. Ya unga inatoa povu kidogo. Ni maji hayahaya?

Mama wa Nkuhungu: Marahaba mwanangu. Ni hayahaya, na umeangalia vizuri. Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu inashikana nayo na kuwa kile kitando cheupe, haiyeyuki tena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mche wako inakwenda kupigana na maji kwanza, inayobaki ndiyo inafua. Sabuni nyingi za unga zimetengenezwa zisishikane hivyo, na zimetiwa kitu cha kulainisha maji.

Dawa yake unaipata sokoni: magadi. Kwenye ndoo ya lita 20 tia vijiko viwili vya chai vya magadi yaliyosagwa, koroga, acha nusu saa. Utaona maji yanapata ukungu, halafu ukungu unashuka chini. Hiyo ndiyo chokaa imetoka kabla ya kukutana na sabuni. Mimina maji ya juu taratibu kwenye karai, ya chini mwaga. Ndipo ufue kwa mche. Utashangaa povu. Suuza vizuri mwishoni na maji yenye siki kijiko kimoja cha chakula kwa karai, ule ugumu wa shuka unaondoka. Ila sweta za sufu na hariri usizitie magadi.

Binti wa Chuo: Nimejaribu na ndoo moja, ukungu umeshuka kweli! Je, ndiyo sababu watu hapa wanatia magadi kwenye maharage?

Mama wa Nkuhungu: Ndiyo, mwanangu. Kalsiamu inakaza ganda la harage, linachemka mkaa unaisha bado gumu. Magadi yanaitoa kalsiamu njiani. Lakini magadi yanaharibu vitamini B1, na yakizidi ladha inakuwa ya sabuni. Mimi siku hizi nafanya hivi: nachemsha maji jioni, nayaacha yatulie usiku, chokaa inalala chini. Nachota ya juu, naloweka maharage usiku mzima kwa maji hayo, na kupikia maji hayohayo ya juu. Yanaiva bila magadi.

Mjukuu wa Kongwa: Bibi yangu alikuwa na mtungi wa maji ya mvua uliofunikwa, hauguswi ila kwa kuosha nywele na kupikia maharage. Sikuwahi kuelewa kwa nini.

Mama wa Nkuhungu: Bibi yako alijua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, hayana kalsiamu, ndiyo laini kuliko yote tunayopata huku. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, kwa hiyo pipa liwe safi kabla ya Desemba. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, kuna vumbi la miezi saba juu pale. Kinga kuanzia ya pili au ya tatu, funika kwa chandarua mbu wasizalie. Kama ni ya kunywa, chemsha.

Msingida: Mama, kwetu vijijini Singida watoto wana meno ya kahawia. Ni hii chokaa? Nikichemsha maji itapungua?

Mama wa Nkuhungu: Hapana ndugu yangu, hilo ni jambo jingine, usilichanganye. Meno ya kahawia yanaletwa na floraidi, nayo ipo kwenye visima vingi vya kanda yenu na kaskazini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuitoi, maji yakipungua ndiyo inazidi kukolea. Siki haisaidii, na maji kutokuwa na chokaa hakumaanishi hayana floraidi. Pelekeni sampuli ya kisima ikapimwe kwenye maabara ya maji, na wakati mnasubiri watoto wadogo wapewe maji ya mvua, kwa sababu meno yanaharibika yakiwa bado yanaota ndani ya fizi. Likishaota zima, haliathiriki tena.

Msingida: Nimekuelewa. Nitamwambia mwenyekiti wa kijiji kuhusu sampuli.

Mpangaji Mpya: Nina ukwaju mwingi, siki sina. Nitie kwenye birika?

Mama wa Nkuhungu: Ukwaju una asidi, ila ni ya namna nyingine, ikishikana na kalsiamu inaacha mchanga mweupe unaong'ang'ania. Kwa birika sikushauri. Ukwaju upeleke kwenye sufuria za alumini zilizoingia weusi kwa ndani: konzi moja, maji yafunike ule weusi, chemsha dakika kumi na tano jikoni, mwaga, sugua. Sufuria inarudi kung'aa. Ndimu utapata sokoni Majengo.

Mpangaji Mpya: Na pasi ya mvuke? Inatema vipande vyeupe kwenye shati la kazini.

Mama wa Nkuhungu: Pasi usiitie siki kama kitabu chake hakijaruhusu, kuna mipira ndani inaweza kulika. Tia maji ya mvua, au yale yaliyochemshwa yakatulia, ukiyachuja kwa kitambaa. Na kila ukimaliza kupiga pasi mwaga maji yaliyobaki ikiwa bado ina joto kidogo, yasikaukie ndani.