Kufunga sensa ya kondaktiviti kwenye laini ya RO na kuikalibreti bila kujidanganya

Nianze na kosa ninaloliona karibu kila kiwanda ninachoenda. Sensa ikianza tu kusoma vibaya, mtu anakimbilia kitufe cha kalibresheni, anaitumbukiza kwenye suluhisho la 1413 (suluhisho ambalo kondaktiviti yake inajulikana), anabonyeza, namba inakaa sawa, anairudisha kwenye bomba anaenda zake kunywa chai. Siku mbili baadae namba imehama tena. Ukienda kuangalia unakuta sensa yenyewe haina shida yoyote, imefungwa juu ya bomba inakula hewa, au imejaa utelezi, kwahiyo jamaa alichokalibreti ni uchafu. Ndo maana hapa kalibresheni naiweka mwisho kabisa, ukiruka ya mwanzo usije kulalamika.

Mfano nitakaotumia ni mashine ya RO ya kiwanda cha maji ya chupa, yaani ile inayosukuma maji kwa presha kupita kwenye membreni, chujio jembamba sana, chumvi ikabaki nyuma, manake ndo kazi ninayoifanya sana hapa Dar. Maji ya visima vya huku pwani mengi yana chumvi, yanaweza kuingia kwenye mashine yakiwa 2000 na kitu µS/cm yakatoka upande wa pili 40 au 60. Hiyo µS/cm ni maikrosimensi kwa sentimita, na 1000 zake ndo milisimensi moja, angalia sana skrini inaonyesha ipi kati ya hizo mbili kwa sababu nimeshakuta watu wanabishana nusu saa kumbe mmoja anasoma maikro mwingine mili. Sensa inachopima ni jinsi maji yanavyopitisha umeme basi, haijui kama ni chumvi ya mezani au chokaa. Maji safi kuliko yote kwenye nyuzi 25 ni 0.055, maji ya bahari ni kama 50,000, sasa sensa moja haiwezi kupima vizuri kuanzia huku mpaka kule.

Hapo ndo inakuja ile K iliyoandikwa kwenye lebo ya sensa. K ni umbali kati ya elektrodi mbili, vile vipande vinavyogusa maji, ukigawanya kwa eneo lake. Kwa maji yanayotoka RO chukua K ya 0.1, maji ya kisima yanayoingia K ya 1, na ukienda kwenye vitu vizito kama magadi makali ya kuoshea matanki achana kabisa na sensa za kugusana, chukua ile ya duara yenye tundu katikati, inafanya kazi kwa koili zilizofichwa ndani, haina elektrodi ya kugusa maji. Ile haichafuki kirahisi ila inataka nafasi, ukiifunga kwenye bomba jembamba kuta za bomba zinaivuruga namba, mpaka uweke kipimo cha marekebisho kwenye transmita, kile kifaa kinachopokea ishara ya sensa na kuonyesha namba. Mi leo nabaki na ya kugusana.

Sasa kufunga. Kabla hujashika spana funga valvu za pande zote mbili, toa presha, fungua drein uone maji yameacha kutoka, na pampu iwekee kufuli na kibao, usitegemee kumwambia tu opereta "usiwashe". Sensa ikifunguliwa na presha ndani inaruka kama kizibo cha soda.

Sehemu ya kuiweka ndo nusu ya kazi. Nzuri kuliko zote ni bomba la wima ambalo maji yanapanda, hapo bomba limejaa muda wote na hewa inapita zake juu. Kama una bomba la kulala tu, iweke ubavuni, saa tatu au saa tisa ukifikiria uso wa saa ya ukutani. Juu hewa inajikusanya, chini matope yanatuama. Nilishawahi kuitwa sehemu namba inacheza 58, 12, 55, 9, wameshabadilisha transmita wameshabadilisha kebo, nikafika nikalegeza tu nati kidogo pale juu ya ti (kiungio cha bomba chenye umbo la T), pfff, hewa ikatoka, namba ikatulia 57. Hewa haipitishi umeme, kwahiyo povu likikaa kati ya elektrodi namba inashuka. Utelezi na magamba ya chokaa nayo yanashusha. Ukiona namba za RO zimekuwa nzuri ghafla kuliko kawaida usifurahi haraka.

Ncha ya sensa izame yote mpaka vile vitundu vya pembeni, na maji yaweze kupita katikati, sio kukaa kwenye kona ya ti ambapo maji yamelala. Usiisogeze karibu na sehemu ya kudunga dawa, maji na dawa yawe yameshachanganyika vizuri kabla ya kuifikia. Acha nafasi nyuma ya kuivuta nje, kuna mtu alifunga sensa sentimita 10 kutoka ukutani, kuitoa ikabidi tukate bomba. Zungushia tepu nyeupe ya mabomba mara tatu hivi, isifike kwenye ncha, kaza kwa mkono alafu malizia na spana kidogo, hasa kama bodi ni ya plastiki. Na usiishike elektrodi na vidole, mafuta ya mkononi yanatosha kabisa kuharibu namba kwenye maji safi kama haya.

Kwenye waya, kebo ya sensa usiipitishe trei moja na kebo za mota zenye invata (kifaa cha kubadilisha spidi ya mota), zinavuruga namba. Ule wavu wa waya unaoikinga kebo unaunga upande mmoja tu, kwa kawaida kwenye transmita, fuata mchoro wa kitabu chake. Kebo ikiwa fupi usiiunge kwa kusokota na tepu nyeusi bana, nunua ndefu au weka boksi la kuungia lisiloingiza maji. Glandi, pale kebo inapoingilia kwenye boksi, ielekee chini, na kebo iache ining'inie kidogo kabla ya kupanda, maji ya kuoshea sakafu yadondokee hapo yasiifuate mpaka ndani.

Ukishawasha, kabla ya maji kupita, fanya vitu vitatu na hivi ndo watu wanaruka.

Cha kwanza, sensa ikiwa kavu na iko hewani, transmita isome sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ikisoma 5 au 8 ikiwa kavu, kuna unyevu kwenye kiunganishi au kebo ina shida, rudi huko.

Cha pili joto. Ndani ya sensa kuna kipima joto, nyingi ni Pt1000, kwenye nyuzi 25 ukiipima na multimita inatakiwa uone kama oumu 1097. Ukiona 110 basi ni Pt100 na transmita inatakiwa iambiwe hivyo. Hii sio ya kupuuza kwa sababu kondaktiviti inapanda kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Hapa kwetu mchana suluhisho lililokaa kwenye shelfu linaweza kuwa nyuzi 32, lile la 1413 likiwa hivyo, bila kurekebisha joto, litasoma karibia 1600. Mtu akibonyeza "kubali 1413" hapo ameshaharibu, na usiku kukipoa ataniita. Hakikisha marekebisho ya joto yamewashwa na rejea ni nyuzi 25, sio 20, kuna transmita zinakuja zimewekwa 20.

Cha tatu ni ile ishara ya miliampia 4 mpaka 20 inayotoka kwenye transmita kwenda kwenye PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine. Ukiweka transmita 0 mpaka 200 µS/cm, basi 100 ni miliampia 12, na 40 ni 7.2. PLC nayo lazima iwe na 0 mpaka 200 hiyo hiyo. Hii iliwahi kunitoa jasho, transmita inasema 40, skrini ya kontrolrumu inasema 100, alarmu inalia, bosi ameshaanza kuulizia bei ya membreni mpya. Kumbe aliyeandika PLC aliacha 0 mpaka 500, 7.2 ikisomwa kwa kipimo hicho inatoa 100 kamili. Dakika mbili tukamaliza. Kwahiyo simamia transmita, mwenzako akae kwenye skrini, mpigiane simu mlinganishe namba.

Kama una rizista za kujaribia unaweza kupima transmita bila sensa kabisa. Oumu ni K ukigawanya kwa kondaktiviti, kwahiyo K ya 0.1 ukiweka rizista ya oumu 1000 kwenye terminali za elektrodi inatakiwa ikupe 100 µS/cm. Marekebisho ya joto yazime kwa muda au joto liweke 25. Ikikupa 100 safi, transmita ni nzima na ugonjwa uko kwenye sensa au maji.

Sasa ndo kalibresheni. Anza kwa kuosha. Utelezi unatoka na maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo na brashi laini ya meno, magamba ya chokaa loweka kwenye siki au asidi ya chumvi iliyochanganywa iwe asilimia 5, dakika chache tu, alafu suuza sana. Elektrodi zenye rangi nyeusi ya platini usiguse na brashi, na steel wool isisogee karibu na sensa yoyote. Kusuuza kwa mwisho tumia maji yaliyochujwa ioni, mitaani ndo haya yanaitwa maji ya betri, ila soma chupa vizuri manake maduka mengine yanauza asidi ya betri kwenye chupa inayofanana.

Chagua suluhisho linalokaribiana na unachopima. Kwa RO yangu natumia 84 au 147, sio 1413. Tatizo la hizi za chini ni kwamba zinachafuka haraka, tone moja la maji ya kisima limebaki kwenye sensa umeshaharibu, hata hewa yenyewe inaingiza kaboni daioksaidi. Kwahiyo usifungue chupa mpaka kila kitu kiko tayari. Kwa maji ya kisima 1413 ni sawa, na hiyo unaweza hata kuitengeneza maabara kwa gramu 0.745 ya kloridi ya potasiamu iliyokaushwa, jaza mpaka lita moja na maji safi sana, lakini uwe na mizani ya kweli, na chumvi ya jikoni sio kloridi ya potasiamu.

Mimina suluhisho kidogo kwenye jagi safi la plastiki, suuza nalo sensa, mwaga, rudia mara ya pili. Mara ya tatu ndo weka la kupimia, lifunike ncha yote, sensa isiguse kuta wala chini, acha sentimita 2 au 3 kila upande. Itikise kidogo povu litoke. Alafu subiri. Sensa iliyotoka kwenye bomba la moto inaweza kuchukua dakika 10 au 15 mpaka joto litulie, na hapa ndo uvumilivu unawashinda wengi. Joto likitulia na namba ikitulia, ingiza thamani ya kwenye chupa, thibitisha.

Ukimaliza angalia K mpya ambayo transmita imejipatia. Lebo inasema 0.1, ukipata 0.098 au 0.103 shwari. Ukipata 0.125 mimi siikubali, narudi kuosha, naangalia povu, naangalia tarehe ya chupa, na kama bado basi sensa imechoka. Ukikubali tu namba hiyo unakuwa umeificha shida ndani ya transmita ambapo atakayekuja baada yako hataiona. Suluhisho lililotumika mwaga, lisirudi kwenye chupa.

Rudisha sensa, fungua maji taratibu, toa hewa, alafu linganisha na mita ya mkononi iliyokalibretiwa kwa maji ya bomba lile lile muda ule ule, kwa RO acha maji yatiririke kwenye kikombe mpaka yamwagike huku unapima. Mwezi wa kwanza angalia kila wiki, ukiona haihami ongeza muda. Na kwenye daftari mi naandika hivi tu: "K lebo 0.1, K mpya 0.102, suluhisho 147, joto 29.8, kavu 0.0, kabla ya kuosha 131, baada ya kuosha 144." Hiyo ya kabla na baada ya kuosha usiisahau, ndo inayokwambia uchafu unaingia kwa kasi gani.