Umerudi nyumbani, umekuta kufuli jipya: la kufanya siku hiyohiyo

Nawasaidia wapangaji kufungua mashauri ya nyumba. Wengi hunipigia wakiwa wamesimama mlangoni, na karibu wote huanza kwa aibu: "Nadaiwa kodi, sijui kama nina haki ya kulalamika." Unayo. Deni la kodi linadaiwa kama madeni mengine. Kumtoa mtu nyumbani kwake, katika nchi nyingi, ni uamuzi wa mahakama. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 26(3), inakataza mtu kutolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama, na Uingereza ina sheria ya mwaka 1977 inayolifanya kuwa kosa la jinai kumfukuza mpangaji kinyume cha sheria. Mwenye nyumba akikukatia maji au umeme, aking'oa mlango au kuezua paa ili uchoke uondoke, hesabu kwamba amekufungia nje.

Hatua ya 1: Usivunje kufuli. Najua inauma. Lakini ukivunja, kesho yake utakuwa unajibu shtaka la kuharibu mali huku kosa la mwenye nyumba likisahaulika. Kama ndani kuna mtoto au mgonjwa, hiyo ni dharura. Waite polisi au zimamoto papo hapo.

Hatua ya 2: Omba kuiona amri. Notisi aliyoiandika mwenye nyumba, hata ikiwa na muhuri wa wakili, si amri ya mahakama. Amri ina jina la mahakama, namba ya shauri, majina ya pande zote mbili, tarehe na muhuri. Ipige picha. Kama ni ya kweli, usibishane na ofisa aliyeileta. Kimbilia mahakama iliyoitoa, uombe utekelezaji usimamishwe, hasa kama hukuwahi kupewa wito.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi kabla hujaondoka pale. Hapa ndipo mashauri mengi hushinda au hupotea. Piga picha ya kufuli kwa karibu, kisha mlango mzima, kisha namba ya nyumba. Angalia sakafuni: kitasa kikibadilishwa, mara nyingi hubaki unga wa mbao mbichi au skrubu ya zamani. Pitisha simu dirishani upige picha ya ndani. Mama mmoja niliyemsaidia aliambiwa mbele ya hakimu kwamba alishahama kwa hiari yake. Picha yake ya dirishani ilionyesha sare ya mtoto imening'inia kwenye kiti, na chini yake begi la shule. Mwenye nyumba hakuwa na jibu.

Andika pia orodha ya vitu vilivyomo, ukitanguliza dawa, vyeti na vifaa vya kazi. Chukua majina na namba za majirani walioona. Tafuta mkataba; kama mlikubaliana kwa mdomo, risiti au ujumbe wa malipo ya kodi utaonyesha kuwa wewe ni mpangaji.

Hatua ya 4: Mwandikie mwenye nyumba. Ujumbe mfupi, bila matusi:

"Leo saa kumi na moja jioni nimekuta umebadilisha kufuli la nyumba ninayopanga. Sijahama. Sijaonyeshwa amri ya mahakama. Naomba unifungulie leo. Suala la kodi niko tayari tulizungumze."

Akijibu kwa hasira, "lipa kwanza ndipo nifungue", amekuandikia ushahidi yeye mwenyewe. Uhifadhi.

Hatua ya 5: Polisi. Huenda wakakwambia hayo ni madai, si jinai, nenda mahakamani. Omba taarifa yako iandikwe hata hivyo, na uondoke na namba yake.

Hatua ya 6: Mahakama au baraza la nyumba. Fungua ombi kwa hati ya dharura (inayoeleza kwa nini shauri lisikilizwe haraka), ukiambatisha hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia. Omba mambo matatu: urudishwe ndani, mwenye nyumba azuiwe kurudia, na ulipwe fidia ya hasara. Usikae wiki mbili kwa ndugu ndipo uende. Hakimu atauliza dharura iko wapi. Mtafute msaidizi wa kisheria asubuhi inayofuata. Mwambie mapema kama unaishi nyumba moja na mwenye nyumba, maana mara nyingi ulinzi wa mpangaji wa namna hiyo ni mdogo.

Hatua ya 7: Usisaini chochote ili upewe vitu vyako. Karatasi hiyo kwa kawaida ina mstari unaosema umehama kwa hiari. Kama lazima uchukue dawa usiku huo, nenda na shahidi, chukua dawa, na kalamu uiache mezani.