Hujapata mtoto na nyumbani unapigwa: mambo ya kufanya

Shoga angu najua unawaza nini, kwamba nikishika mimba tu haya yataisha. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki ya uzazi hapa Dar miaka minne, nimewaona waliowaza hivyo, na wengine mimba waliipata na wakapigwa nayo tumboni. Matibabu endelea nayo, ila usalama wako usisubiri majibu ya vipimo.

Na ukatili sio ngumi tu. Mume anakunyima hela ya kipimo alafu mbele ya wifi zako anasema unajaza choo tu, anakulazimisha tendo siku za hatari hata ukiwa unaumwa, anakuficha kadi ya kliniki, yote hayo yamo. Watu watakwambia vumilia, ndoa ndo zilivyo. Wakati Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, yaani hiyo sheria ina umri mkubwa kuliko ndoa zetu wengi.

Anza na vitu vyako. Kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, kadi ya bima na majibu ya vipimo vyote (picha ya mirija ya uzazi sio ya kurudia rudia jamani, inauma na inakula hela) peleka kwa mtu ambaye sio ndugu wa mume. Kikoba kiwe kwa jina lako, na nauli ya bodaboda isikosekane, maana saa nane usiku huko Mbagala ndani daladala utaitoa wapi. Alafu mpange na jirani mmoja neno lenu, mfano ukimtumia "sembe imeisha" ajue aje kugonga hodi au apige 112, namba ya dharura ya polisi.

Siku ukipigwa, kama unavuja damu au umeumia kichwa ni hospitali kwanza, hakuna mjadala. Kama unaweza kutembea nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, haiuzwi hiyo, ndo uende nayo kutibiwa. Hospitali ya Amana, Ilala, wana kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii unawapata sehemu moja. Kama umelazimishwa tendo na una wasiwasi na VVU, wahi ndani ya saa 72 upewe dawa za kukinga, na ukiwahi zaidi ndo vizuri zaidi. Majeraha yapige picha, mtumie unayemwamini, kwako futa. Askari akikwambia mkayamalize nyumbani, omba kumuona mkuu wa kituo, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) wanatoa msaada wa sheria bure kwa wasio na uwezo.

Kuna hili la kipimo cha mbegu za mume, hapa ndo wengi tunapoumia. Ni kipimo rahisi kuliko vyetu, anakaa siku 2 mpaka 7 bila tendo anatoa sampo basi, na tatizo linaweza kuwa kwake, kwako au kwenu wote. Ila kama ni mtu wa kupiga usimwambie wewe nenda kapime. Muombe nesi muongee wawili tu, umweleze hali ya nyumbani, alafu daktari ndo amwite kama utaratibu wa kila mtu. Majibu yakija asomewe hapo hapo kliniki na daktari, usiwe wewe wa kumsomea mkiwa wawili chumbani.

Wakikutisha kwamba hujazaa kwa hiyo utatoka mikono mitupu, waongo. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali, na mgawanyo hauulizi kwanza una watoto wangapi. Tunza risiti zako.

Na moyo wako pia ulinde. Arobaini ya mtoto wa wifi sio lazima uende, toa mchango ukae kwako, wakinuna wanune. Ukiona hulali wiki mbili, huli, au unawaza kujidhuru, mwambie daktari siku hiyo hiyo, sonona ina matibabu kama mirija tu.

Kama simu yako huwa anaishika, ukimaliza kusoma hii ifute.